Matairi Yaliyolingana Mno

Kitabu cha gari la mama kimeandikwa kwa Kijapani, na mimi Kijapani sikijui. Najua picha. Kuna ukurasa wenye mchoro wa gari linaloonekana kutoka juu, magurudumu manne yamechorwa kama biskuti, na mishale inatoka gurudumu moja kwenda jingine: ya mbele yanarudi nyuma moja kwa moja, ya nyuma yanakuja mbele kwa kupishana. Chini ya mchoro kuna namba moja, elfu kumi. Niliupiga picha ukurasa huo, simu ikanitafsiria: kila kilomita elfu kumi, hamisha matairi ili yaishe sawasawa.

Mimi nilikuwa nayahamisha kila wiki mbili.

Najua inavyosikika. Katika wiki mbili gari la mama halikuwahi kufikisha hata kilomita mia nne. Mama ni mwalimu mstaafu. Alinunua gari kwa mafao yake, akajifunza kuendesha akiwa na miaka sitini na moja, na tangu hapo safari zake ni sokoni, kanisani, na mara moja au mbili kwa mwezi Amani, milimani, kumwona bibi. Tairi zilizokuwa zinaishi maisha hayo hazikuhitaji mtu wa kuzihangaikia. Lakini mimi nilihitaji kitu cha kukihangaikia, na hicho ndicho nilichokipata.

Nifafanue kidogo. Kwenye gari kama la mama, tairi za mbele ndizo zinazovuta na ndizo zinazokata kona. Za nyuma zinafuata tu. Ukiziacha hivyohivyo, za mbele zitakuwa vipara wakati za nyuma bado zina meno. Ukizizungusha, kila moja inapata zamu ya kazi ngumu na zamu ya kupumzika, na zote zinazeeka pamoja. Nilipolielewa jambo hili, peke yangu, bila kufundishwa na mtu, nilipata raha ambayo siwezi kuieleza bila kuona aibu. Kazini kwangu, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale Ngamiani, Tanga, nikikuta pambizo ya kushoto imezidi ya kulia kwa upana wa unywele, narudia kuchapa huku mteja amesimama ananitazama. Sasa nilikuwa nimepata kitu kikubwa, chenye uzito, ambacho nacho kingeweza kulinganishwa.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilitandika mkeka uani. Jeki, spana, matofali mawili ya kuzuia gari lisirudi nyuma, na tairi la akiba la kushikia nafasi wakati mengine yanahama. Nati nilizikaza kwa kupishanisha, kama nilivyoona kwenye video. Halafu nilishusha gari, nikakaza tena. Halafu nilinawa mikono, nikanywa chai, nikatoka kukaza tena. Jirani yetu, mama wa Kidigo anayekaanga bagia barazani kwake, alizoea kuniambia kupitia juu ya ukuta:

"Mwanangu, hayo matairi yatakushitaki. Watu wanahama nyumba mara moja kwa mwaka, wewe unayahamisha kila baada ya Ijumaa mbili."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama."

"Inavyotakiwa na nani? Hebu njoo ule bagia, ukatulie."

Nilikuwa na daftari. Nilikuwa na madaftari mawili, na ni lazima niseme hapa ukweli wote, maana bila huo hadithi haina maana. La kwanza lilikuwa bovu: kurasa zenye vidole vya grisi, namba zilizoandikwa gari likiwa juu ya jeki. Nilipima kina cha meno ya kila tairi kwa njiti ya kiberiti na rula, sehemu tatu: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. La pili lilikuwa safi, na ndilo nililolipenda. Jioni nilikuwa nachukua zile namba tatu za kila tairi, natafuta wastani wake, na kuandika namba moja kwa kalamu ya bluu. Tairi nne, namba nne. Zilivyozidi kukaribiana, ndivyo nilivyozidi kulala vizuri. Ilipofika mwezi wa nane wa zoezi langu, zote nne zilisoma milimita tano. Tano, tano, tano, tano. Niliwahi kulifungua daftari lile kazini, wakati hakuna mteja, ili nizitazame tu.

Wakati huohuo mama alikuwa anasema gari linagonga.

"Linagonga kidogo," alisema siku moja akivua viatu. "Nikiingia kwenye shimo, huku chini kushoto. Ko."

"Ko mara moja au mara mbili?"

"Nimesema ko. Wewe unataka shairi?"

Nikahamisha matairi. Safari iliyofuata nilimwuliza, akasema labda limeacha, labda yeye amezoea. Nikajipongeza.

Kisha likaja suala la bibi. Bibi yangu amepita miaka themanini. Wazazi wake walipanda Amani kutoka kusini, kufuata kazi kwenye mashamba ya chai, naye akachuma chai mpaka vidole vyake vikakataa kunyooka. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto likiwa njiani. Mara tatu mama alimpangia siku ya upasuaji Tanga, mara tatu bibi alikubali, mara tatu alibadilisha mawazo mama akiwa ameshafika mlangoni. Safari hii alikubali bila kubembelezwa. Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Mama angepanda Jumamosi, alale, wasali pamoja Jumapili asubuhi, kisha amteremshe. Bibi angekaa mbele, kushoto, kwa sababu kiuno chake hakikunjiki kuingia nyuma.

Ndiyo maana Ijumaa asubuhi nilipeleka gari gereji. Sikuwa na wasiwasi wowote maalumu. Nilikuwa na ule wa kila siku.

Fundi wetu ni mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye ulimi. Aliponiona tu alipaza sauti kwa wenzake.

"Mkaguzi kaja! Ficheni spana!"

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mkaguzi. Leo tumekosa nini?"

"Mama anapanda Amani kesho. Nataka uliangalie lote. Alisema lilikuwa linagonga."

"Lote? Mkaguzi, leo Ijumaa, nina gari tatu na nataka kuwahi msikitini." Lakini alishaanza kulizunguka. Ana desturi yake: haweki jeki kwanza. Huchuchumaa kwenye kila tairi na kulipapasa kwa kiganja, kutoka nje kwenda ndani, akiwa anazungumza mambo mengine kabisa. Anasema mguu wa gari ukiwa na ugonjwa, kiatu ndicho kinachotangulia kusema: kikiliwa upande mmoja, anajua pa kufungua. Alipapasa la mbele kulia, la mbele kushoto, akaenda nyuma. Alikunja uso kidogo.

"Hizi zote zimelika ndani kidogo," alisema. "Lakini zote. Sawasawa."

Hapo nilitoa daftari safi. Nilikuwa nimekuja nalo ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nazizungusha," nilisema. "Angalia. Zote milimita tano."

Alifuta mikono, akalishika kwa ncha za vidole, akalisoma. Niliona sura yake ikibadilika, na nakiri kwamba nilikuwa nimeingojea sura hiyo kwa miezi minane.

"Lo! Hiki kitabu cha harusi," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba, sijaona mtu kapima hivi. Basi ni barabara tu, mashimo ya huko juu yanakula kila kitu. Hilo ko litakuwa bushi, zile raba za miguuni, zimekauka. Akirudi nileteeni wiki ijayo, nitazitazama."

"Kwa hiyo aende?"

"Aende. Gari lenye matairi haya hata mimi ningemwoza binti yangu ndani yake."

Mama aliondoka Jumamosi saa mbili asubuhi, amevaa kitenge na miwani, mikono yote miwili kwenye usukani kama alivyofundishwa. Nilikwenda kazini, nikarudi saa nane mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Nilikaa mezani na daftari safi, nikaona doa la kidole cha fundi kwenye kona ya ukurasa.

Hilo doa lilinishinda. Nilijaribu kulifuta, likatanda. Nikaamua ninakili kurasa zote upya kwenye daftari jipya, na kwa kuwa nilikuwa naanza upya, nikaona nihakikishe wastani zote kutoka kwenye lile bovu. Nikalivuta, nikaanza kusoma zile namba tatutatu kwa mara ya kwanza zikiwa zimefuatana, mwezi kwa mwezi.

Tairi la kwanza, lilipokuwa nyuma kushoto: tano na nusu, tano na nusu, tano na nusu. Nyuma kulia vilevile. Lilipokaa wiki mbili mbele kushoto: nje halikupungua kitu, katikati halikupungua, ndani limepungua nusu milimita. Nikadhani nilikosea kupima. Nikaangalia tairi la pili. Lilipofika mbele kushoto, ndani, nusu milimita. La tatu. La nne. Nikarudi tena la kwanza, zamu yake ya pili mahali pale: ndani tena, na safari hii zaidi ya nusu. Kila tairi lililowahi kusimama mbele kushoto lilitoka pale limeng'atwa ukingo wa ndani. Tairi zilikuwa hazina kosa. Mahali pale palikuwa na kitu kinachozila, na kwa miezi minane mimi nilikuwa nakiletea chakula kipya kila wiki mbili, halafu nachukua masazo na kuyapeleka nyuma ambako hakuna mtu angeyaona.

Laiti nisingeligusa hata nati moja, tairi la mbele kushoto lingekuwa limeliwa ndani mpaka nyuzi zikaonekana. Fundi angeligundua Ijumaa kwa kiganja, macho yamefumbwa. Hata mama angeligundua.

Nilimpigia mama. Hapatikani. Kule kwa bibi simu hushika mtandao mtu akisimama kwenye ngazi za kanisa, kwingine kote ni kimya. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena: "Mama, usiteremke na gari mpaka tuzungumze." Ukakaa na tiki moja. Nikampigia fundi.

"Fundi, kuna kitu sikukuonyesha."

Nilimweleza. Sikueleza vizuri, nilianza na wastani, nikaenda kwenye pambizo, sijui kwa nini, halafu nikamsomea namba. Alikuwa mahali penye watu wanaozungumza, nikasikia anasogea mbali nao.

"Soma tena ya ndani. Mbele kushoto peke yake."

Nikasoma.

"Na lilikuwa linagonga hukohuko kushoto."

"Ndiyo."

"Binti," alisema, na hakuniita Mkaguzi, "ile ni boljointi. Kile kifundo cha chini kinachoshika gurudumu la mbele. Imelegea. Na mimi umenifutia ubao, nikasimama mbele ya ubao mtupu nikasema hakuna somo."

"Itachomoka?"

"Inaweza ikakaa mwaka. Inaweza..." Akaacha. "Anashuka lini?"

"Kesho, baada ya ibada."

"Basi nikishasali alfajiri nakuja kukuchukua. Kwenye duka la vipuri nakwenda sasa hivi kabla hawajafunga."

Kuhusu usiku ule sina la kusema, zaidi ya kwamba nilitazama ile tiki moja mpaka simu ikaisha chaji, nikaichaji, nikaendelea kuitazama. Nilikuwa na tumaini moja. Asubuhi mama angepanda ngazi za kanisa, simu ingenguruma kwenye mkoba, tiki zingekuwa mbili. Ibada ingeanza saa tatu. Kwa mahesabu yangu tungefika kabla haijaisha, hata kama asingeangalia simu.

Fundi alikuja na pikipiki yake, boljointi mpya imefungwa kwenye tambara ndani ya ndoo pamoja na nyundo na jeki. Sijazoea pikipiki. Nilimshika fulana kwa nyuma, nikaogopa kuendelea kuishika, nikaogopa kuiachia. Muheza machungwa yalikuwa yameanza kupangwa mafungu kando ya barabara, na wauzaji walitupungia mafungu yao kama kawaida, kana kwamba ni siku ya kununua machungwa. Tukaacha lami. Barabara ikaanza kupinda na kupanda, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine vichwa vya miti iliyoota chini kabisa bondeni. Kwenye kila kona nilijiuliza gurudumu la kushoto likilala hapa, gari litaelekea wapi. Kila kona ilikuwa na jibu lake, nami nilikuwa nayaona yote.

Saa mbili kasoro nilitazama simu. Tiki moja.

"Usihangaike," fundi alipaza sauti bila kugeuka. "Bado hawajavaa hata viatu vya kanisani."

Tulikutana nao kona mbili baadaye.

Gari la mama lilikuja polepole, taa zimewashwa kwenye ukungu, mama amenyooka kwenye usukani, na bibi kushoto amejifunga kanga kichwani, jicho lake lililofunikwa likitutazama bila kutuona. Nilishuka pikipiki haijasimama. Nilisimama katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili.

Mama alifunga breki, akashusha kioo, uso umebadilika rangi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona umekuja huku? Mbona umekuja na fundi?" Aligeuka kumtazama fundi. "Semeni tu. Nani?"

"Shikamoo, mwalimu. Wazima wote," fundi alisema. "Ni mguu wa gari tu unataka kufungwa vizuri. Zima, tafadhali, weka hendibreki."

"Mlitakiwa msali kwanza," nilimwambia mama. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto anayelalamika.

Bibi ndiye aliyejibu. "Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia, tukisubiri mahubiri yaishe, nitakuwa nimeshabadilisha mawazo. Tukaondoka."

Fundi hakungoja. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akaomba bibi ashuke. Mama na mimi tulimshusha, tukamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, kando ya shamba la chai. Fundi akapandisha gari mbele kushoto, akalishika gurudumu juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa.

Tk. Tk. Tk.

Halikuwa na haja ya kulazimishwa. Lilichezacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Njoo ushike," aliniambia. Nilishika. Kile kitu nilichokuwa nimekipima kwa njiti ya kiberiti kwa miezi minane kilikuwa kinacheza mikononi mwangu. Nilikuwa nimekigusa mara kumi na sita pale uani, nimekivua na kukivisha, nimekaza nati zake mpaka mikono ikauma, na sikuwahi hata mara moja kulitikisa gurudumu. Hakuna video iliyoniambia nilitikise. Nami sikuwahi kuuliza mtu.

"Mwalimu," fundi alimwambia mama, "hiki kingechomoka, gurudumu linalala ubavu na usukani haukusikii tena. Hapo kwenye hizo kona za chini..." Alimwona bibi, akanyamaza.

"Malizia tu," bibi alisema. "Jicho ndilo bovu, masikio yangu mazima."

"Gari lingekwenda linakotaka, bibi."

"Ehe. Sasa nimekuelewa."

Mama alikuwa amesimama mikono kiunoni. Nilimjua vizuri, hivyo ndivyo alivyokuwa anasimama darasani kabla ya kuuliza swali ambalo jibu lake analijua. "Ijumaa gari hili lilikuwa kwako, fundi. Uliliangalia?"

Fundi alikuwa ameshaanza kufungua nati. Alinitazama mara moja, kwa haraka sana. "Niliharakisha, mwalimu. Ilikuwa Ijumaa. Nisamehe."

Angeweza kuishia hapo. Kwa sekunde chache, nakiri, nilimwacha aishie hapo. Nilikuwa nimechoka, na lile lilikuwa jibu la kweli kwa kiasi chake. Kisha bibi akakohoa, nikatazama miguu yake iliyovaa soksi za safari, na nikasema.

"Alipapasa matairi, mama. Yangemwambia. Mimi niliyahamishahamisha mpaka yakashindwa kusema. Halafu nikamwonyesha daftari."

"Daftari gani?"

Nilikuwa nayo yote mawili kwenye begi. Sijui kwa nini niliyabeba yote. Mama alichukua kwanza lile safi, akalipitia, akanirudishia. Akachukua lile bovu. Alilisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka na safu ya namba, kama anayesahihisha mtihani, na kidole kilipofika kwenye safu ya ndani kilianza kwenda polepole. Hakuhitaji kuelezwa. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili.

"Jibu ulilipata," alisema. "Mwezi wa pili tu, hapa, ulikuwa umeshalipata. Halafu ukalisahihisha."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu gani?"

"Nilitaka ziwe sawa."

Nilitegemea angepiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alinirudishia daftari, akatembea mpaka mwisho wa mistari ya chai, akasimama kule akiwa ametugeuzia mgongo. Sikujua kama nimfuate.

"Mwache," bibi alisema kutoka kwenye ndoo. "Huyo analia kwa siri tangu akiwa mdogo. Anakwenda kwenye chai, anarudi kama alikwenda kukojoa." Kisha akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu. "Na wewe una mkono baridi kama chura. Umekula?"

"Bado."

"Fundi, na wewe?"

"Bado, bibi. Lakini nyundo kwanza."

Kazi ilichukua karibu saa mbili. Kifundo cha zamani kilikataa kutoka, fundi akakipiga, akakitukana kwa Kidigo, akaniomba radhi, akakipiga tena. Kilipotoka alikiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, sawa na limau, na kichwa chake kilizunguka ndani ya kikombe chake ovyo, kila upande, bila kushikwa na kitu. Nilitaka kukiweka mfukoni. Mama, ambaye alikuwa amerudi, alikichukua na kukitupa kwenye tambara la fundi.

"Haya," fundi alisema mwishoni, akikaza nati ya mwisho. Aliniona namwangalia anavyokaza, akanipa spana. "Kaza wewe, ili tuondoke leo."

Nikakaza. Mara moja. Nikamrudishia.

Niliomba bibi akae nyuma. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. "Nimeambiwa nihame mlimani, nimehama. Sasa nihame na kiti? Mimi si tairi." Fundi alicheka mpaka akajishika kwenye mlango. Mama hakucheka, lakini alimfunga bibi mkanda na kuuvuta mara mbili.

Tukaanza kushuka, fundi mbele na pikipiki, akigeuka kila baada ya kona kuangalia gurudumu. Mimi nilikaa nyuma ya bibi. Nilisikiliza. Nilisikia mawe, nilisikia breki, nilisikia bibi akiuliza tumefika wapi na mama akimtajia vijiji. Ko sikuisikia. Nilingoja kila shimo, shimo likapita, ko haikuja, na badala ya kupoa nikawa nangoja shimo linalofuata.

Muheza, mahali lami inapoanza, mama aliegesha pembeni. Nilidhani anataka machungwa.

"Shuka," aliniambia, akinitazama kwenye kioo. "Nenda na fundi."

"Mama, nataka kuwa karibu na—"

"Najua unachotaka. Tangu kule juu sijalisikia gari langu. Nakusikia wewe unavyohema. Nina mgonjwa humu ndani na nina kilomita nyingi mbele yangu, nataka kusikia kinachotokea. Shuka."

Nilishuka. Bibi alipunga mkono kuelekea upande ambao sikuwepo. Gari likaingia barabarani, fundi akaniletea pikipiki, nikapanda nyuma yake, tukalifuata kwa umbali ambao yeye aliona ni salama na mimi niliona ni mrefu mno.

"Unaona nini huko mbele?" alipaza sauti upepo ukimkata maneno.

Nilichungulia juu ya bega lake. Gurudumu la mbele kushoto halionekani ukiwa nyuma ya gari moja kwa moja. Linajitokeza kwenye kona tu, kidogo, kisha linajificha tena. Tulipita kona moja, nikaliona limesimama wima. Tukapita nyingine.

"Limesimama," nilimjibu.

"Basi pumua."

Nilipumua. Halafu nikainama upande tena, kungoja kona inayofuata.